Karatasi za Kidonda

Jumatatu, 3 Machi

Nesi kanipa daftari hili na kalamu mbili. Akasema, "Mama, kila siku andika mambo matatu tu: taa mmewasha dakika ngapi, maumivu ni namba ngapi kuanzia sifuri mpaka kumi, na kama kuna jambo geni." Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne. Akacheka. "La nne linatosha. Tunao hapa wa chuo kikuu na hawaandiki kitu."

Basi kurasa za mbele zina jedwali lao. Za nyuma ni tupu, na mimi siwezi kuona karatasi nzuri inapotea, kama nisivyoweza kutupa kipande cha kitambaa. Ya kwao nitaandika mbele. Ya kwangu huku nyuma.

Mambo yenyewe ni haya. Kitinda, mtoto wangu wa mwisho, ana miaka kumi na sita na ana selimundu. Chembe za damu yake zimepinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto ana kidonda, huu mwaka wa pili. Nimekiosha, nimekifunga, nimekiombea. Kinafunga mdomo kidogo, kinafungua tena, kama mtu aliyekumbuka neno la kusema.

Sasa hospitali wana utafiti. Kuna taa ndogo, inatosha kiganjani, ya kumulika vidonda kwa mwanga usioonekana kwa macho. Aliyeitengeneza ni binti mmoja mrefu, si daktari wa watu, ni mtu wa fizikia. Mimi nimembatiza Dada wa Taa. Alitukalisha kwenye benchi akatueleza. Taa zote zinafanana. Nusu zina nguvu ya kutibu. Nusu zina mwanga hafifu ambao haufiki hata chini ya ngozi. Nani kapata ipi ilipigwa kura, majibu yakatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa. Nesi hajui, daktari hajui, yeye mwenyewe hajui.

"Mnaficha nini sasa?" nikauliza.

"Tunajificha sisi wenyewe, mama. Jicho linalotaka kitu hukiona."

Nikasema moyoni, hayo ni maneno ya mtu asiye na mtoto mgonjwa.

Wiki kumi na mbili zikiisha, ikionekana taa inatibu, kila aliyefuata masharti mpaka mwisho atapewa ile yenye nguvu, iwe yake. Hilo nililisikia kuliko yote. Yetu ni namba 14.

Jumanne, 4 Machi

Dakika 30. Maumivu 6. Mvua imeanza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshona mfuko wa taa kwa masalio ya kitambaa cha bluu, una mkanda wa kuvaa begani. Kitinda kasema umependeza kuliko taa yenyewe. Mtoto huyu akinisifu nashiba.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kupimwa. Nesi aliweka plastiki nyepesi juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu nyeusi, kama mtu anachora shingo ya blauzi. Mimi nina miaka ishirini kwenye cherehani, mkono ukaniwasha. Nikaomba ninakili ule mchoro kwa penseli kwenye karatasi yangu ya kukatia nguo. "Ukipenda," akasema. Nyumbani nikaukata kwa mkasi. Kidonda cha mwanangu, kimekaa mezani, kina umbo la jani. Nimekiweka humu kati ya kurasa.

Kwenye benchi nilikaa na mwanamke mmoja mwenye cheko la kusikika mpaka dirisha la dawa. Ana mapacha wa kike wa miaka kumi na miwili. Mmoja mzima, anaruka kama panzi. Mwingine ana selimundu kama Kitinda, na kidonda mguu uleule. Taa yao ni namba 17.

"Fundi, mfuko huo umeshona wewe? Na mimi nataka, wa hivyohivyo. Na hiyo ramani ya kidonda nikatie na mimi nikamwonyeshe baba yao, haamini kitu mpaka akishike."

Nikamwambia nitafanya vyote, na kila mchoro wa binti yake nitaunakili mara mbili, mmoja nibaki nao. Ni mcheshi, nimempenda. Ila njiani nikawaza: Mungu kampa wawili, halafu kamwachia mmoja mzima. Sisemi kitu. Nimeandika tu.

Jumatano, 12 Machi

Dakika 30. Maumivu 6.

Mteja wangu mmoja kaniambia mwanga usioonekana huonekana kwa kamera ya simu, jaribu hata kwa rimoti ya televisheni. Nikajifungia chumbani na taa na simu kama mwizi. Kweli, kwenye simu kuna weupe! Nikapiga vigelegele. Kitinda akaingia. "Mama, Dada wa Taa alishasema, zote mbili zinatoa weupe huo. Waliliwaza hilo kabla yako."

Siku hizi kila sentensi yake inaanza na Dada wa Taa kasema. Nimemzaa kwa siku mbili za uchungu, Dada wa Taa yeye kaleta betri.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepeleka mfuko wa Mama Pacha, ndivyo ninavyomwita yule wa mapacha. Alifurahi, akanikumbatia mbele za watu. Nimekata karatasi zote mbili, ya kwake na ya kwangu. Ya kwake imepungua. Ya kwangu ni ileile.

Jumanne, 18 Machi

Dakika 30. Maumivu 5.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza ya kukatia, nimeisogeza.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Pacha akasema, hivihivi tu, huku anachambua nywele za binti yake: "Yetu ina joto, fundi. Ukiigusa mbele ni kama pumzi ya paka. Ya kwenu je?"

Nikasema, "Na yetu vilevile."

Si kweli. Yetu ni baridi kama kijiko. Nimeishika leo mara tano. Nimeishika shavuni.

Karatasi ya kwake imepungua tena. Nimezipanga mezani, za kwake zinashuka kama ngazi. Za kwangu zimekaa kama mashahidi waliokataa kusema.

Jumatatu, 31 Machi

Nesi kachukua kurasa za mbele za wiki nne. Anachana zile za jedwali tu, hizi za nyuma kaniachia. Anarudi tena tarehe 28 Aprili.

Pacha, yule mgonjwa, kavaa viatu vya kufunga leo. Viatu! Mama yake kamwambia, "Waonyeshe," na mtoto kazunguka mbele ya benchi. Watu wakapiga makofi, mimi nikapiga kuliko wote. Mikono iliniuma. Kitinda alikuwa amevaa ndala moja na soksi iliyokatwa.

Jumatano, 2 Aprili

Dakika 30. Maumivu 6. Nimekosea kukata suruali ya mtu, nikafidia kwa kipande changu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nikizima cherehani nasikia cheko lake. Ni mwanamke mwema. Juzi kaniletea dawa ya kikohozi bila kuombwa. Laiti angekuwa mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Jumatatu, 7 Aprili

Dada wa Taa alikaa na Kitinda nusu saa wanachora mawimbi kwenye karatasi. Nikamsikia mwanangu anauliza swali, na yule dada akaweka kalamu chini, akasema, "Hilo sijui." Kitinda katoka pale kang'aa uso. Kaniambia, "Mama, nimemuuliza kitu asichokijua!" Mimi tangu azaliwe ananiuliza nisivyovijua na hajawahi kung'aa hivyo.

Karatasi: ya Pacha imepungua. Ya kwetu, mimi naona imekua.

Nimezifunga karatasi kwa uzi.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika haraka kabla sijajionea haya.

Asubuhi Kitinda alijimulika, akaenda masomo ya ziada. Saa nne Mama Pacha akabisha. Mkanda wa mfuko umeng'oka. "Fundi wangu, nitengenezee, naenda kwa dada yangu barabara ya nyuma, saa moja narudi. Taa imo humo humo, nisije kuidondosha kwenye tope."

Akaniachia. Akaenda zake anaimba.

Taa mbili juu ya meza yangu, mfuko mmoja na ndugu yake. Nikashika yao. Ina joto. Wallahi ina joto, au ni mkono wangu, sijui. Nikaigeuza. Chini kuna kibandiko kidogo: 17. Nikageuza yetu: 14. Na pasi ilikuwa inachemka kwa ajili ya kola za mashati.

Kila fundi anajua, gundi haiwezi mvuke. Nilivishikilia vibandiko juu ya mvuke hesabu ya ishirini, nikaving'oa kwa ncha ya sindano, nikavipachika kinyume. Kumi na nne ikawa kumi na saba. Mshono wa mkanda nilishona mara mbili, imara kabisa. Uzuri ulioje wa mshono ule.

Aliporudi nilimkaribisha akae. Akasema, "Mungu akupe mikono mingine miwili, fundi."

Taa yenye joto iko ndani kwangu sasa. Sijaiba. Zote mbili zipo, kila mtu ana taa. Nimehamisha bahati kidogo tu, ambayo hata wao waliigawa kwa kura.

Jumapili, 13 Aprili

Kitinda anataka kujimulika peke yake chumbani, anasema anasoma huku huku. Na jedwali atajaza mwenyewe, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Sawa. Mtoto anakua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mbona sikufanya hivi mapema? Ni siku mbili tu na karatasi imepungua! Nimeikata mara moja, nikaiweka juu ya ya wiki iliyopita, na ukingo wa ya zamani unaonekana kuzunguka kote. Nimecheza peke yangu katikati ya chumba. Jirani akachungulia dirishani, "Kulikoni, fundi?" Nikamwambia nimepata oda ya sare.

Ya Pacha imekaa palepale. Labda imetanuka.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Nguo hazikauki. Nimemshonea Kitinda sketi ndefu.

Jumatatu, 21 Aprili

Imepungua tena! Ya Pacha imetanuka, si kidogo.

Mama Pacha leo hakucheka. Alisema mtoto kalalamika maumivu wikendi nzima. "Labda ni baridi ya mvua," nikasema. "Labda," akasema, akashika mkono wangu akauacha pale juu ya goti lake. Niliuangalia mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekosa hamu ya kula.

Jumapili, 27 Aprili

Kesho nesi anachukua kurasa za wiki nne nyingine. Mchana huu nikafungua mbele nione kama jedwali limejaa. Limejaa, mwandiko umenyooka. Kwenye safu ya dakika, kuanzia ile Jumapili ya tarehe 13: sifuri. Sifuri. Sifuri. Nikahesabu kwa kidole, sifuri kumi na nne.

Nikamwita. Akaja anachechemea, kitabu mkononi.

"Hii nini?"

"Dakika."

"Naona dakika! Mbona sifuri?"

"Kwa sababu sijajimulika."

"Kitinda, usinichezee. Kila siku nasikia taa inavuma nyuma ya mlango."

"Nilikuwa naiwasha, naielekeza ukutani. Ungeuliza mbona kimya."

Nikakaa. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu ilikuwa tayari inajua.

"Si ya kwangu, Mama. Ya kwangu swichi yake mkaidi, mpaka ubonyeze mara mbili. Hii inawaka mara moja. Nikaigeuza chini, kibandiko kimekunjika kona." Akageukia meza ya cherehani. "Na mwenye pasi humu ndani ni wewe."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilisema mengi. Nikasema nimemlea kwa mguu wa cherehani, nikasema yeye hajui ni nini kumwona mtoto wa mwenzio anafunga viatu. Nikasema, "Na hata hivyo inatibu! Unabisha nini? Karatasi hizi hapa, zimepungua mbili mfululizo!"

Akasema taratibu, "Zimepungua vipi, Mama, na mimi sijajimulika?"

Nikazimwaga karatasi zote mezani. Yeye akazigeuza moja moja, akazileta karibu na dirisha. Halafu akaniita nione.

Zangu za mwanzo zote, mstari wa penseli bado upo. Upo ndani ya karatasi, na nje ya mstari kuna ukingo mweupe unaozunguka, upana wa punje ya mchele. Ndivyo fundi anavyokata nguo, anaacha kitambaa cha mshono nje ya mstari. Karatasi mbili za baada ya pasi hazina mstari kabisa. Nilikata ndani yake, penseli imeenda na takataka.

Akachukua za Pacha, nakala nilizobaki nazo. Za mwanzo hazina mstari hata moja. Za wiki hizi mbili, mstari upo, na ukingo mweupe.

Mimi mwenyewe. Kwa mkasi wangu. Wala sikujua, naapa, mkono ulikwenda wenyewe.

"Unakumbuka sare yangu ya darasa la kwanza?" akasema Kitinda. "Uliacha pindo nene chini, ukasema ni nafasi ya kukua. Kidonda changu nacho umekiachia nafasi ya kukua." Kisha, Mungu amsamehe, akacheka. "Cha mwenzangu umekibana kiuno."

Nikacheka na mimi, halafu kicheko kikageuka, akanishika kichwa kifuani kama mimi ndiye mtoto.

Nilipotulia nikamwambia ukweli wangu wote. Kwamba waliovunja masharti hawapewi taa. Kwamba nikisema kesho, tumeipoteza. Tuzirudishe zile sifuri ziwe thelathini, tubadili vibandiko siku moja, nani atajua?

"Pacha kamulikwa na taa yangu wiki mbili. Wataandika ni yake. Hesabu yote itakuwa na uongo, na taa hii itapelekwa kwa watu wengine kwa uongo huo. Au itatupwa, kumbe inatibu."

"Hayo kakufundisha Dada wa Taa."

"Hapana, Mama," akasema, na macho yake yakanitazama sawasawa. "Hayo ni ya kwangu."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa nane. Nilikuwa namwonea yule binti wivu kwa sababu kaninyang'anya mtoto. Nani angemnyang'anya huyu? Hata mimi siwezi.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimesema.

Nilianza kwa nesi, akaziba mdomo, "Mama! Mama jamani!" Akamwita Dada wa Taa. Nilitegemea anitukane. Alivuta kiti, akauliza tarehe, saa, na mvuke uliuelekeza upande gani na kwa muda gani. "Hesabu ya ishirini," nikasema. "Ya haraka au ya polepole?" Nikahesabu mbele yake, yeye anatazama saa. Akamtuma nesi alete na ile ya namba 17 kutoka benchi, akafungua taa zote mbili kwa bisibisi, ndani kuna namba nyingine zimechongwa kwenye chuma. Akazirudisha zilivyokuwa, kila moja kwa mwenyewe. Joto je? Nikauliza, kwa sababu bado lilikuwa linanikera. Akasema zote hupata joto betri ikijaa. "Wao huchaji kabla ya kutumia. Ninyi huchaji lini?" Sisi huchaji tukimaliza.

Halafu akasema jambo ambalo nililijua: mama wa namba 17 lazima aambiwe leo. "Nimwambie mimi, au wewe?"

Mama Pacha alikuwa kwenye benchi. Nilikaa kando yake nikasema yote, mkanda, pasi, karatasi, bila kupumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, yeye ambaye salamu yake tu husikika barabarani.

"Ile kwako ilikuwa taa," akasema. "Kwangu ulikuwa mguu wa mwanangu. Nilikuachia mguu wa mwanangu juu ya meza, nikaenda naimba."

Akatoa taa mfukoni. Mfuko akaukunja mara mbili, akaunyoosha kwa kiganja kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akaniwekea mapajani. Taa akaitia kwenye mfuko wa nailoni wa dukani. Akahamia benchi la pili.

Kamati yao itakaa kuamua. Karatasi zangu zote wameomba, nimewapa.

Jumanne, 29 Aprili

Dakika 30. Maumivu 5. Swichi imebonyezwa mara mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu wa kwangu anakula kimya kimya, hata hanilaumu. Bora angenilaumu.

Jumatatu, 5 Mei

Benchi la pili. Nilisalimia. Aliitikia kwa sababu ana adabu.

Dada wa Taa alinionyesha kwenye kompyuta michoro ya plastiki yenyewe, iliyopimwa na mashine. Vidonda vyote viwili vinapungua tangu Machi, polepole, kama kivuli. Cha Pacha kinatangulia kidogo. Kidogo tu. Katika wiki zangu mbili hakuna kilichoruka wala kilichotanuka. Nikatazama ule mstari unaoteremka, nikawaza usingizi wote niliopoteza kwa upana wa punje ya mchele.

"Inatibu basi?" nikauliza.

"Sijui, mama. Na mimi nataka sana itibu, miaka sita naitengeneza. Ndiyo maana siruhusiwi kushika bahasha."

Kumbe na yeye ana mkasi wake.

Jumatatu, 12 Mei

Kamati bado. Benchi la pili.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepungua. Kola za mashati kumi na mawili. Kila nikishika pasi nasikia haya.

Jumatatu, 19 Mei

Kamati imejibu. Nesi alitusomea mimi na Kitinda chumbani kwake.

Watoto wote wawili wanaendelea. Pacha hana kosa lolote. Kitinda hakujimulika kwa taa isiyo yake na aliandika sifuri ilipokuwa sifuri, kwa hiyo zile ni siku zilizokosekana na zitaandikwa hivyo. Kama taa inatibu, ataipata. Wiki mbili za Pacha zitaandikwa pembeni jinsi zilivyokuwa, ili kila atakayesoma aone.

"Ila wewe, mama," nesi akasema, na akashusha karatasi, "hutagusa taa tena, wala jedwali. Binti atafanya mwenyewe."

Nikasema asante. Kitinda akanishika kiwiko. Tulipotoka nje nikamwambia, "Umeniokoa kwa sifuri." Akasema, "Kumi na nne, Mama. Usipunguze."

Ijumaa, 23 Mei

Kitinda anajimulika kwenye kiti cha dirishani, mlango wazi. Mimi nimekaa mbali, nashona. Mkono unaniwasha kwenda kurekebisha taa, iko upande sana. Nimeushikilia mkono.

Jumatatu, 26 Mei

Siku ya mwisho. Jua, barabara imekauka. Bahasha hazijafunguliwa, wanangoja hospitali nyingine za utafiti huu nazo zimalize. Miezi mitatu zaidi, labda minne. Taa zimerudishwa. Kitinda aliipapasa swichi kabla ya kuitoa.

Nesi alipima kwa plastiki mara ya mwisho. Nikanakili yetu kwa penseli, nikakaa benchi la kwanza, nikatoa mkasi mdogo. Nilikuwa sijaanza kukata nilipoona viatu viwili vya kufunga vimesimama mbele yangu, vya Pacha, na nyuma yake mama yake.

Alikuwa na karatasi yake mkononi, kainakili mwenyewe, penseli imekwenda kombo.

"Fundi," akasema. Tangu Aprili hajaniita hivyo. "Nikatie. Hapa hapa, nikikuangalia."

"Nikukatie vipi?"

"Wajua vipi. Juu ya mstari."

Akakaa. Si karibu kama zamani, kati yetu mtu mmoja mwembamba angeenea. Nikakata ya kwake kwanza. Nilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kukata hariri, mkasi unaimeza penseli katikati, nusu ya mstari huku, nusu huku. Hakupepesa macho. Kisha nikakata ya Kitinda vilevile.

Nikaweka moja juu ya nyingine kwenye kiganja. Ya kwao ni ndogo. Ukingo wa ya kwetu unatokeza upande mmoja, chini, kama ulimi wa mtoto.

Roho ikaniuma. Ikauma palepale inapouma siku zote. Mkono ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

"Ya kwenu ni ndogo," nikamwambia, nikampa.